Mto au Njia Panda? Sikukuu, Tohara na Imani katika Riwaya ya Ngũgĩ na katika Vijiji vya Thika na Ruiru

Mwaka 1974 shirika la East African Publishing House mjini Nairobi lilichapisha Njia Panda, tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na John Ndetei Somba kutoka riwaya ya The River Between. Riwaya yenyewe ilikuwa imetoka mwaka 1965, na jina la mtunzi lililosomeka jaladani wakati huo lilikuwa James Ngugi. Majina yote mawili, la kitabu na la mtunzi, yalibadilika, na kila badiliko lina kisa chake. La mtunzi tutalirudia baadaye. La kitabu ndilo linalotuhusu kwanza, kwa sababu kwa maoni yetu limewaelekeza wasomaji wa Kiswahili, pamoja na walimu wao, kwenye usomaji ambao riwaya haiustahili, na ambao maisha ya vijiji vya Thika na Ruiru yanaukanusha kila Desemba inapowadia.

Mto una kingo mbili. Wakazi wa kingo zote mbili huchota maji yale yale, mifugo yao hunywa humo, na mtu aweza kuuvuka asubuhi na kurejea jioni. Njia panda haina fadhila hiyo. Anayefika njia panda hulazimika kuchagua, na akiisha kuchagua ameipa kisogo njia ya pili. Asiyeweza kuchagua yampate yaliyompata fisi wa methali, ambaye njia mbili zilimshinda. Tena katika fikra za watu wa Pwani njia panda ni mahali pa kutupia makafara, mahali ambapo mpita njia hukaza mwendo. Jina hilo basi si tupu. Limebeba hukumu kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza: kwamba jamii hii imegawanyika, na kwamba aliye katikati amepotea.

Ngugi hakuuumba mto wake hivyo. Honia ni mto usiokauka, na jina lake lina maana ya kuponya, kurudisha uhai. Kwenye maji yake Waiyaki anapitishwa katika kuzaliwa mara ya pili kwa desturi za wazee wake; kwenye maji hayo hayo wafuasi wa Joshua huteka maji. Mtunzi anaionyesha migongo miwili ya ardhi, Kameno na Makuyu, ikitazamana kwa uhasama, lakini anakumbusha kwamba kinachoitenga ndicho kinachoiunganisha. Hatusemi kwamba Somba alitafsiri vibaya. Alikuwa mwandishi aliyekomaa, aliyekwisha kutunga Kuishi Kwingi ni Kuona Mengi (1968) na Alipanda Upepo na Kuvuna Tufani (1969), na yamkini aliona kwamba jina lenye mto lingekuwa zito mdomoni mwa Mswahili. Tunasema tu kwamba kwa kuchagua njia panda alichagua upande mmoja wa fumbo lenye pande mbili.

Wahusika wa riwaya wanajulikana sana, wala hatuna haja ya kuyasimulia yote upya. Joshua ni mhubiri wa Makuyu, mtu aliyeupokea Ukristo kwa hofu na kwa bidii ya mgeni. Chege wa Kameno ni mzee wa mila, wa ukoo wa mwaguzi Mugo wa Kibiro. Waiyaki mwanawe anatumwa Siriana kujifunza elimu ya Wazungu, na baadaye anafungua shule ya watu wenyewe. Tunalotaka msomaji alikumbuke ni majira. Msimu wa tohara na sikukuu ya Krismasi hukaribiana katika riwaya hii, nao mtunzi ameutumia ukaribu huo kwa makusudi. Ng'ambo moja kuna ngoma za usiku kabla ya kisu. Ng'ambo ya pili kuna nyimbo za kuzaliwa kwa Mwokozi. Kila upande unaisikia sauti ya mwenzake na kuihesabu kuwa uchafu au usaliti. Hapo ndipo Muthoni, binti wa Joshua, anapovuka mto kwenda kwa shangazi yake ili atahiriwe. Kidonda hakiponi, naye anafia hospitalini Siriana akiamini kwamba amekuwa mwanamke kamili wa kabila lake na kwamba anamwona Yesu.

Muthoni hakusimama njia panda. Wahakiki wengi wamesema kwamba alishindwa kuchagua, na wanafunzi wameandika hivyo katika karatasi za mtihani mwaka hata mwaka. Lakini msichana huyu hakuomba kuchagua. Alitaka vyote viwili, na hakuona kwamba kimoja kinakifuta kingine. Waliotaka achague ni wanaume wa kila upande.

Tuliangalie jambo hili katika nchi yenyewe. Mito ya Chania, Thika, Ndarugu na Ruiru hutiririka kutoka safu ya Nyandarua na kuikata nchi ya Wagikuyu vipande vipande. Kati ya mto na mto kuna mgongo wa ardhi, ambao kwa Kigikuyu huitwa rũgongo. Chania na Thika hukutana pale Thika mjini. Sura ya nchi ya riwaya, kwa hiyo, si ndoto ya mtunzi. Hata mwaguzi wake si wa kubuni, kwani Mũgo wa Kĩbirũ anakumbukwa Thika kwa bustani inayoitwa Mugumo Gardens. Hapo palikuwa na mti wa mugumo ambao, kwa masimulizi ya wenyeji, alitabiri kwamba ungeanguka utawala wa Wazungu ukifikia kikomo. Husimuliwa kwamba wakoloni waliuzungushia chuma ili usianguke. Mti ulianguka mwaka 1963. Leo watu wa dini zote hupumzika bustanini humo, na sijapata kusikia kwamba mchungaji yeyote amewakataza.

Kambui, si mbali na Ruiru, ndiko kulikokuwa na misheni ya Gospel Missionary Society, aliyosomea Harry Thuku. Mwaka 1929 misheni hiyo, pamoja na ile ya Waskoti na ile ya African Inland, iliwataka waumini waweke ahadi ya kuikana tohara ya wasichana. Waliotia kidole gumba waliitwa kĩrore. Waliokataa wakaitwa karing'a, yaani watu safi wasiochanganyika. Makanisa yalibaki na viti vitupu. Wimbo wa dhihaka ulioitwa Mũthĩrĩgũ ulienea migongoni kote hata serikali ikaupiga marufuku mwezi wa Januari 1930. Ndipo shule za kujitegemea zikaongezeka, zile za KISA na za Karing'a, nazo zilikuja kufungwa na serikali baada ya hali ya hatari kutangazwa mwezi wa Oktoba 1952.

Hadi hapa historia inakubaliana na jina Njia Panda. Watu walitakiwa kuchagua, na kidole gumba ni chaguo lisilofutika. Lakini tazama walichofanya waliokataa. Hawakurudi kwenye dini ya kale wakaishia hapo. Walianzisha makanisa. Walimwita Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika ya Kusini, naye akafika mwaka 1935 akafundisha makasisi. Na hao walioitwa karing'a wakajikuta, kufikia mwaka 1946, wamepokelewa chini ya Patriaki wa Aleksandria, katika kanisa la Waorthodoksi. Hii ndiyo sababu baadhi ya majirani katika nchi hiyo huadhimisha Pasaka Jumapili tofauti, wengine mapema na wengine wiki kadhaa baadaye. Mtoto mwenye babu Mpresbiteri na nyanya Mworthodoksi hula Pasaka mara mbili, wala hajioni kuwa amesimama mahali pabaya.

Walikuwako na wengine, wasiopata nafasi katika riwaya. Hao ni Akurinu, waliojulikana pia kama Arathi, yaani manabii. Waliukataa utabibu wa Wazungu na vitu vyao vingi, wakavaa vilemba vyeupe, wakasali milimani na misituni. Mwezi wa Februari 1934 watatu wao waliuawa na polisi katika msitu wa Ndarugu. Jomo Kenyatta, mtu wa Gatundu, aliwaandikia sura nzima katika Facing Mount Kenya mwaka 1938. Upungufu huu wa riwaya si mdogo. Kama Ngugi angemweka Mkurinu mmoja mtoni, mwenye Biblia mkononi na asiyetaka kuisikia Siriana, mpango wa Kameno dhidi ya Makuyu usingesimama wima. Riwaya ilihitaji pande mbili. Nchi ilikuwa na tatu, nne, au zaidi.

Tena yafaa ikumbukwe kwamba Ngugi aliandika juu ya nchi ambayo ilikuwa imekwisha kuvunjwa. Kabla ya mwaka 1954 Wagikuyu hawakuishi vijijini. Waliishi kwa miji iliyotawanyika mgongoni, kila familia na mji wake. Kuanzia mwaka huo serikali ya kikoloni, ikipigana na Mau Mau, iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja na kuwatia katika vijiji zaidi ya 800, vingi vikiwa na mahandaki na ulinzi. Ngugi mwenyewe alisimulia, katika kumbukumbu zake za mwaka 2012, jinsi alivyorudi kutoka shule ya Alliance mwaka 1955 akakuta nyumba zao hazipo. Miaka michache baadaye, akiwa mwanafunzi wa Makerere, aliandika riwaya ambamo kila kundi bado lina mgongo wake. Ni kama mtu achorae ramani ya nyumba iliyoungua. Katika vijiji vya hali ya hatari kĩrore, karing'a na Mkurinu walipangwa kwenye ujia mmoja, ukuta kwa ukuta. Ukipika nyama siku ya Krismasi jirani anasikia harufu, na harufu haina dhehebu.

Hapa ndipo isimu inapoweza kumsaidia mhakiki, na ndiyo sababu tumeona makala haya yanafaa kurasa za lugha. Tazama maneno ambayo Wagikuyu wanayatumia kwa mambo haya. Mkristo wa zamani aliitwa mũthomi, wingi athomi, yaani msomaji. Nalo ni kutoka gũthoma, ambalo ni kusoma kwa Kiswahili. Sikukuu, na hasa Krismasi, huitwa thigukũ. Neno hilo ni sikukuu yetu, iliyopitia kanuni ya Dahl, kanuni iliyopewa jina la mmisionari aliyehudumu Unyamwezi: k ya kwanza ikilainika kuwa g kwa sababu silabi inayofuata ina k nyingine. Kijiji cha hali ya hatari huitwa gĩcagi, ambalo kwa maoni yetu ni kijiji. Kundi la Akurinu ambalo Kenyatta aliliandika liliitwa kwa jina la Kiswahili kitupu, Watu wa Mungu, na vazi lao la kichwani ni kĩremba, ndicho kilemba.

Hili si jambo la kupita nalo haraka. Upande wa msomaji wa Biblia ulipewa jina kwa Kiswahili. Upande wa nabii aliyemkataa Mzungu ulipewa jina kwa Kiswahili. Sikukuu yenyewe, na mahali walipofungiwa wote pamoja, ni Kiswahili. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na pamoja na reli walikuja mafundi, makarani, wachuuzi na vibarua walioelewana kwa lugha hii; na tusisahau mashamba ya mkonge na kahawa, ambako mnyapara na kibarua mara nyingi hawakuwa wa kabila moja. Wagikuyu walipotafuta neno la jambo jipya lililoingia baina yao, hawakulitafuta Kameno wala Makuyu. Walilichota penye maji ya wote.

Na neno sikukuu lina safari yake. Nyumbani kwake, Pwani, mtu akisema sikukuu bila kufafanua, akilini mwa msikiaji huja Idi. Lilipopanda bara likabatizwa, na lilipofika Thika likawa Krismasi tu. Kisha mji ukakua, viwanda vikajengwa, mashamba ya mananasi yakavuta watu kutoka kila pembe, na Waislamu wenye msikiti wao mjini Thika wakawa majirani wa watu ambao kwa lugha yao Idi ni thigukũ ya Waislamu. Neno limerudi kwa mwenyewe likiwa na nguo ya kigeni. Hata Pwani neno hili halikuwa la dini moja tangu mwanzo hadi mwisho. Makunduchi, Unguja, Waislamu wale wale waendao msikitini huadhimisha Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, mwaka mpya wa jua ambao asili yake hunasibishwa na Uajemi na ambao haumo katika kalenda ya Kiislamu. Wapo masheikh wasioupenda. Kibanda huchomwa vilevile, na watu hula pamoja.

Neno la pili linalostahili kupimwa ni tohara. Mfasiri yeyote wa riwaya hii, awe Somba au mwingine, hukutana na kizingiti. Kwa Kigikuyu irua ni neno moja kwa wavulana na wasichana. Kiswahili kinatenganisha: jando kwa wavulana, unyago kwa wasichana, na unyago wa Pwani ni mafunzo na ngoma, si kisu. Ukisema jando umemtoa Muthoni nje; ukisema unyago umemtoa kisuni. Likibaki tohara, basi msomaji anapokea neno lililotoka Kiarabu, lenye maana ya usafi. Hapo pana kinaya ambacho Kiingereza hakikijui. Joshua anapaza sauti kwamba jambo hili ni unajisi, na lugha anayotafsiriwa kwayo inaliita usafi. Walimu wa fasihi wangeweza kukaa juu ya neno hili moja kwa kipindi kizima, nao wangejifunza mengi kuliko kwa orodha za sifa za wahusika.

Tuseme wazi msimamo wetu, kwa kuwa uhakiki usio na msimamo ni porojo. Kuhusu mwili wa msichana wamisionari walikuwa na haki, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji ni sheria njema. Kuhusu nafsi ya msichana walikosea vibaya. Muthoni hakutafuta kisu. Alitafuta mahali pa kusimama kati ya watu wake, na kanisa la baba yake halikumwonyesha mahali pengine. Joshua alipomkana binti yake alimwachia mlango mmoja tu. Riwaya inalijua hili. Usomaji wa njia panda, unaomlaumu Muthoni kwa kutochagua, haulijui.

Sasa tuje Desemba ya siku hizi. Shule zinapofungwa, wavulana waliomaliza masomo ya msingi hutahiriwa, wengi wao hospitalini au zahanati, kisha hukaa na kufunzwa. Makanisa kadhaa, lile la PCEA likiwa mojawapo, huandaa mafunzo hayo yenyewe: wavulana hukusanywa, hutahiriwa na tabibu, hufundishwa Biblia na adabu za utu uzima, na hutoka kwa ibada ambayo wazazi huhudhuria wakiwa na zawadi. PCEA ndilo kanisa lililorithi kazi ya Waskoti na ya Kambui. Kanisa lililotaka kidole gumba mwaka 1929 leo linaongoza msafara wa jando, na linaufanya katika msimu ule ule wa Krismasi ambao Joshua aliona una uadui na ngoma. Kwa wasichana zipo semina za kuvuka rika bila kisu. Zinasaidia, ila ukizilinganisha na shangwe ya wavulana utaona kwamba bado Muthoni hajapewa ukumbi wa kumtosha.

Krismasi yenyewe, kama ionekanavyo mitaa ya Ruiru na vijiji vya kuelekea Gatundu, si ya Joshua wala si ya Chege. Mbuzi huchinjwa, mutura huchomwa, chapati hupikwa kwa wingi usio wa siku nyingine. Asubuhi kanisani, mchana nyumbani kwa mkubwa wa ukoo. Wasabato wengi hawaihesabu kuwa siku takatifu, lakini ni mapumziko nao hutembeleana. Mashahidi wa Yehova hawaiadhimishi, na jirani mwenye busara huwapelekea chakula kesho yake badala ya siku ile, ili asiwatie majaribuni na asionekane amewanyima. Jirani Mwislamu akialikwa, mbuzi huchinjwa na Mwislamu ili wote wale. Hizi ni hekima ndogo ndogo ambazo hazimo katika mahubiri ya upande wowote. Wapo pia wanaoondoka kabisa, kwani Thika na Ruiru ni miji ya wageni. Mfanyakazi wa kiwandani hupanda basi kwenda Magharibi au Ukambani, kwenda ushago kama wasemavyo vijana. Neno hilo la vijana, kama dhana yetu ni sahihi, ni gĩcagi iliyorudi mjini: kijiji cha kifungo kimekuwa jina la mahali panapotamaniwa.

Tusijidanganye kwamba kuvuka huku hakuna gharama. Msimu wa Krismasi katika nchi ya kahawa ni msimu wa mavuno makubwa, ambayo huanza Oktoba na kufikia Desemba. Mchumaji wa kahawa, na wengi wao ni wanawake, hulipwa kwa debe. Siku ya sikukuu ni siku isiyo na debe, na mbuzi wa Krismasi ni madebe mengi. Ugomvi unaosikika nyumba nyingi mwezi huo hauhusu Utatu Mtakatifu wala mizimu. Unahusu nani atanunua nguo za watoto, na kama karo ya Januari itapatikana baada ya karamu. Katika hili riwaya ya mwaka 1965 ni nyamavu. Ardhi iliyonyang'anywa inatajwa, lakini Krismasi ya Makuyu inabaki akilini mwa msomaji kwa mahubiri yake kuliko kwa chungu chake, wala hatuoni nani aliyetoka shambani kwa mlowezi ili aje kuimba. Imani imetengwa na ujira.

Ngugi mwenyewe aliliona pengo hilo. Mwezi wa Machi 1970 alialikwa kuhutubia mkutano mkuu wa PCEA, akaanza kwa kutamka kwamba yeye si mtu wa kanisa wala si Mkristo. Mzee mmoja aliinuka kwa hasira na kumkumbusha kwamba bado anaitwa James. Baada ya hapo jina hilo likaachwa, nalo ndilo badiliko tulilolitaja mwanzoni. Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa mtunzi juu ya kanisa. Sisi tunakiona kuwa ni mzee aliyesoma vizuri kuliko wahakiki wengi: alitambua kwamba jina ni daraja, na kwamba mtu hawezi kulipitia kila siku kisha aseme hajavuka. Katika hotuba ile ile mtunzi alitaka kanisa likubali ishara na desturi za watu wake. Waliomsikiliza siku ile wangeshangaa kuona jinsi kambi za Desemba zilivyomsikiliza.

Miaka saba baadaye, katika Ngaahika Ndeenda aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na ambayo Clement Kabugi aliitafsiri kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda mwaka 1982, suala la sherehe lilirudi likiwa na sura nyingine. Kĩgũũnda na Wangeci wanaambiwa na tajiri Mkristo kwamba ndoa yao ya kimila ni dhambi, wafunge ndoa kanisani. Na gharama ya harusi ndiyo inayowapotezea kishamba chao. Hapa imani haigombani na imani. Sherehe imekuwa mtego wa mwenye mali. Wengi wanaiona tamthilia hii kuwa bora kuliko riwaya kwa kuwa imefichua tabaka. Twakubali kwamba imefichua, lakini imepoteza kitu pia. Mhubiri wa tamthilia ni mnafiki tu, na msomaji hahitaji kumfikiria mara mbili. Joshua si mnafiki. Anaamini, na imani yake inamuua binti yake. Hilo ni gumu zaidi kuliandika na gumu zaidi kulisoma.

Riwaya hii imewahi kuwa kitabu cha lazima katika mitihani ya shule za sekondari za Kenya, na swali lililopendwa kufundishwa ni lile la kama Waiyaki alipaswa kuchagua. Mwanafunzi wa Thika aliyeketi darasani kujibu swali hilo huenda alikuwa na kilemba kichwani, au alitoka kambi ya jando ya kanisa Desemba iliyopita, au mama yake alikuwa shambani akichuma kahawa. Kila kitu alichokuja nacho darasani kilikuwa jibu, na swali halikumwachia nafasi ya kukitaja. Mtunzi alifariki dunia mwezi wa Mei 2025, na bila shaka vitabu vyake vitachapwa upya kwa lugha nyingi. Ikitokea Njia Panda ikarudishwa madukani, mchapishaji na afikirie kuurudisha mto jaladani. Na kama jina la zamani limezoeleka mno kiasi cha kutobadilika, basi dibaji ieleze Honia maana yake ni nini, ili msomaji ajue kabla ya kufika kwa Muthoni kwamba msichana yule alikuwa akivuka.